Nati za ndani ya bodi zinazunguka na bolti: mnakata bati ama kuna njia nyingine? (BJ40, Goma)

#1 Himbi_BJ (Goma)
Salamu bandugu. Kuna BJ40 (Toyota Land Cruiser ya zamani) ambayo madigadi ya mbele lazima yatoke ili kizingiti cha mlango kifanyiwe kazi. Upande wa kushoto bolti mbili zimetoka vizuri, moja imekatika shingoni, tatu zinazunguka pamoja na nati zake. Nati ziko ndani ya boksi la bati, spana haina pa kupita. Mafundi bodi, mnakata dirisha ama mnazishika kutoka nje?

Halafu nitoe hoja, anayetaka anipinge: kutu hii inatoka Nyiragongo, volkeno yetu. Rangi ya nje ingali inang'aa, lakini ukigonga boksi kwa mpini wa bisibisi, ndani kunamwagika unga mwekundu. Moshi wa mlima unashuka na mvua, asidi inakula bati kutoka ndani.

#2 TolieBirere (Goma)
Usishike grinda bado. Kwanza ujue ni nati ya aina gani, maana kuna mbili na dawa zake hazifanani. Ya kwanza imechomelewa moja kwa moja kwenye bati kwa vidoti vitatu. Ikizunguka ujue vidoti vimeachia. Ya pili ni nati ya mraba inayocheza ndani ya kizimba cha bati jembamba. Ikizunguka, kizimba kimeoza ama kimefunguka midomo.

Kwa ile ya vidoti: kata kichwa cha bolti, digadi litoke, ubaki na kipande cha bolti kimesimama ndani ya nati. Toboa tundu la mm 5 kwenye bati, katikati ya tundu iwe mm 8 kutoka katikati ya bolti. Hapo drili inagusa kona ya nati. Jaza tundu kwa weldi, nati inashikana upya na bati. Acha ipoe kabisa ndipo ushike kipande cha bolti kwa koleo ya kufunga. Ukikimbilia ingali nyekundu, unaivunja tena.

#3 Mzee_Kadutu (Bukavu)
TolieBirere amesema kweli ila ameruka kulowesha. Changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, tikisa kila mara unapotumia kwa sababu vinaachana. Dondosha kwenye nyuzi, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, rudia kesho yake. Kama bado, pasha nati kwa shalimo (moto wa gesi) mpaka iwe nyekundu hafifu, iache wekundu upotee, halafu gusisha mshumaa kwenye nyuzi. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Ukirudisha bolti, usivute kwa nguvu upande mmoja. Robo kurudi, robo kufungua, mpaka uisikie imelegea.

Kabla ya moto: betri nje, waya wa alternator nje, bomba la mafuta lisogezwe, kitambaa chenye maji kiwe karibu. Ndani ya maboksi ya magari haya kuna lami na nta ya zamani. Inashika moto wakati wewe unaangalia nje.

#4 Kenya_Lushi (Lubumbashi)
Mzee anawasha mishumaa, gari ni mgonjwa ama marehemu? 😄

Sasa kwa hoja ya volkeno, mimi napinga. Huku Lubumbashi hakuna mlima wa moto na magari yanaoza palepale: pembe za chini za milango, kizingiti, boksi la digadi. Sababu ni tope. Matundu ya kutolea maji yanazibwa na mastiki (kijazio cha bodi) ama na lami ya chini, udongo unaingia kwa juu, unakaa na unyevu hata kiangazi. Ukifungua boksi utakuta tope limeganda hadi usawa wa nati.

#5 Nyawera_504 (Bukavu)
Naongeza sababu ya tatu, inayosahaulika: bolti isiyo yake. Wajapani wa miaka ile walitumia M10 (bolti ya mm 10) ya hatua 1.25 (umbali wa mm kati ya nyuzi), wakati M10 inayouzwa madukani ni 1.5. Ukiilazimisha inaingia mizunguko miwili, inakwama, fundi anaongeza bomba kwenye spana, vidoti vinang'oka. Baada ya hapo nati inazunguka na kila mtu analaumu kutu.

Kwa Peugeot 404 na 504 shida ni nyingine, M7 ya hatua 1.0. Fundi hana M7, anaweka M6 aliyoizungushia waya. Nyuzi zinakwisha. Tiba si ngumu: panua kwa drili ya 6.8, piga tapu (kikata nyuzi) ya M8. Alama kidogo za nyuzi za M7 zitabaki, hazina madhara.

#6 TolieBirere
@Nyawera_504 kwa M10 nakubali. Ila bolti za madigadi anazozungumzia ni M8, na M8 ya kawaida ni 1.25 kwa Wajapani na kwa Wazungu. Hoja yako haigusi hapa.

#7 Nyawera_504
Inagusa kama mtu aliweka ya inchi. Bolti ya 5/16 ina kipenyo cha mm 7.94, jicho haliioni tofauti. Yenye nyuzi 18 kwa inchi ina hatua ya 1.41. Inaingia mizunguko michache kwenye M8 kisha inang'ata. Himbi, chukua moja ya zile mbili zilizotoka, ijaribu kwenye nati mpya ya M8 kwa vidole tu.

#8 Himbi_BJ
Aksanti. Nimeijaribu, ni M8 safi, inateleza hadi mwisho. Kuhusu aina: nimepitisha ile kamera ya waya ya kuunganisha na simu kwenye tundu la nyaya. Nati moja ni ya vidoti, mbili ni za vizimba. Kizimba kimoja kimebaki ukuta mmoja tu. Chini yake kuna tope, Kenya_Lushi usifurahi sana, ni la kijivu, la majivu ya mlima.

#9 TolieBirere
Basi ile ya vidoti fanya kama #2. Za vizimba, jaribu kuvuta kabla ya kukata: chomeka tindo bapa kati ya digadi na bodi, mtu mmoja asukume ili nati ibanwe kwenye bati, mwingine afungue polepole. Wakati mwingine msuguano unatosha. Isipotoka, kata kichwa kama zile nyingine, toa digadi, halafu ndiyo dirisha.

Dirisha likatwe pande tatu tu, kama mm 60 kwa 80, ukuta wa ndani wa boksi, sehemu isiyoonekana. Upande wa nne ukunjwe kama mlango. Diski ya mm 1, si ile nene. Pembe zizungushe kwa drili ya mm 4 kabla ya kukata, bati lisipasuke kuendelea mbele. Ukimaliza unakunja ulimi, unauchomelea kwa vidoti, unasaga.

Kizimba kipya ni kazi ya jiliwa. Chukua ubapa wa chuma wa mm 4, kata mraba wa 20 kwa 20, toboa 6.8 katikati, tapu M8. Kizimba chenyewe ni bati la mm 1 lililokunjwa kuta nne, ndani yake mraba ucheze mm 2 kila upande. Uchezaji huo usiuue! Ndio unaolipatia digadi nafasi ya kusogea mpaka mstari wa boneti ukae sawa. Wengi wanachomelea nati moja kwa moja, kisha wanashangaa digadi halilingani na mlango, wanapanua matundu ya digadi kwa faili. Chomelea masikio ya kizimba tu, bolti ikiwa ndani na imepakwa grisi, ili cheche zisiingie kwenye nyuzi. Baadaye pitisha tapu mara moja.

#10 Mzee_Kadutu
Kuna njia ya bila dirisha kama mwisho wa boksi uko wazi. Kata ubapa wa 25 kwa 3, urefu unaofika nati zote mbili. Toboa matundu mawili kwa kipimo kilekile cha bodi, chomelea nati nyuma ya kila tundu. Pitisha waya mwembamba kwenye tundu la bodi, utokeze kwenye mwisho wa boksi, funga kwenye ubapa, uvute. Ubapa unateleza ndani kama samaki kwenye ndoano. Bolti ya kwanza ikishika, ya pili inajipata. Matundu ya ubapa yawe makubwa kidogo kuliko nyuzi za nati, upate nafasi ya kurekebisha. Vizimba vya zamani lazima uvivunje kwanza, la sivyo ubapa hautalala.

#11 MamaVipuri_Katindo (Goma)
Na nati za kubana kwa koleo, zile za kama riveti? Ziko sokoni, vijana wanazipenda. Tundu la M6 ni mm 9, M8 ni 11.

#12 TolieBirere
Mama, kwa digadi na kwa vifuniko vya chini sawa, bati likiwa zima. Kwa bawaba ya mlango hapana. Mlango mzito kwenye barabara zetu za mawe ya lava unaitikisa mpaka izunguke, halafu ni mbaya kuliko kizimba, maana hata kuikata ni taabu. Na kwenye mkanda wa kiti isitumike kamwe. Pale nati ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20, karibu magari yote duniani, na inakaa kwenye sahani nene iliyochomelewa. Mtu asibadilishe na M10 kwa sababu ndiyo aliyonayo.

#13 Katindo4x4 (Goma)
Narudi kwa #1. Himbi ana haki. Tangu mlipuko wa 2020 mabati ya nyumba pia yanakwisha haraka.

#14 Kenya_Lushi
Mlipuko ulikuwa tarehe 22 Mei 2021, kaka. Uliotangulia ni 17 Januari 2002. Na BJ40 zilitengenezwa kuanzia 1974 hadi 1984, kwa hiyo gari hilo lilianza kuoza muda mrefu kabla ya huo wako.

#15 Katindo4x4
Aksanti kwa tarehe. Lakini moshi haungoji mlipuko. Ziwa la lava lilitoa gesi ya salfa miaka yote hiyo, pamoja na asidi ya klorini na florini. Waulize wanaokinga maji ya mvua Rusayo.

#16 Nyawera_504
Rusayo ndiyo, kwa sababu upepo mara nyingi unasukuma moshi kwenda magharibi, upande wa Sake na Masisi. Mjini Goma unafika siku kadhaa, si kila siku. Gari lililala wapi miaka yote hiyo? Bila kujua hilo tunapiga ramli.

Na gesi peke yake haitoshi. Hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 60 hivi, chuma safi hakishiki kutu kirahisi. Gesi ya salfa inashusha kiwango hicho, chumvi inakishusha zaidi. Kwa hiyo tope la Kenya_Lushi na moshi wa Himbi vinaweza kuwa kesi moja: majivu yenye chumvi za asidi yanakaa ndani ya boksi na kuvuta unyevu usiku.

#17 Kenya_Lushi
Usitupatanishe mapema, tuko raha. Mimi naongeza ya nne: magari yaliyotoka Ulaya yaliwekewa chumvi barabarani kila majira ya baridi. Yalifika Kivu yakiwa na ugonjwa tayari.

#18 Himbi_BJ
Tuache mahakama kidogo. Kizingiti: bati la kuziba nitoe wapi? Fundi mmoja amenipa bati la paa.

#19 Mzee_Kadutu
Mrudishie ajengee banda la kuku. Bati la paa ni mm 0.3 hadi 0.4. Bodi ya gari la zamani ni 0.8 hadi 1 na zaidi, pima kwa vernia mahali pasipo na kutu. Jembamba likikutana na nene, weldi inatoboa jembamba kabla nene halijayeyuka.

Pipa la lita 200 ndilo bati letu. Angalia kitako chake, mara nyingi unene umegongwa pale pamoja na alama nyingine, 0.9 ama 1.0. Chagua lililokuwa na mafuta ya injini, si petroli, si dawa za shamba. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, lijaze maji mpaka juu, lipasue kwa tindo na nyundo. Grinda ije baadaye, pipa likiwa vipande vilivyolala chini. Pipa tupu lenye mvuke ndani ni bomu.

#20 TolieBirere
Kuhusu kukata: mpaka bati linalong'aa, kisha ongeza mm 20. Kutu unayoiona nje ni ndogo kuliko iliyoko nyuma. Kabla ya kukata kizingiti, weka gari kwenye vizuizi chini ya chasi, mlango uwe umefungwa, pima mianya yote minne na uiandike kwenye bodi kwa chaki. Kwa Coccinelle (Volkswagen ya kobe) hii ni lazima zaidi: bolti za M8 zinazounganisha bodi na sakafu zinaingia kwenye nati zilizo ndani ya kizingiti chenyewe, na kizingiti ndicho kinachoshika bodi isipinde. Chomelea bomba la kuzuia kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma kabla ya kugusa chochote.

Weldi: waya wa 0.6, kidoti, ruka mm 40, kidoti kingine, rudi ujaze katikati bati likiwa linashikika kwa mkono. Usivute mstari mrefu, bati litavimba na utalifunika kwa kilo mbili za mastiki. Mwenye mashine ya fimbo tu atumie fimbo ya 2.0 kwa ampea 40 hadi 50, na abandike kipande cha shaba nyuma kinyonye joto. Umeme ukishuka jioni watu wote wakiwasha majiko, acha kazi. Kidoti kinakaa juu juu, ukigonga kinaruka.

#21 Katindo4x4
Kama bati lina zinki, kunyweni maziwa kabla.

#22 Nyawera_504
Maziwa ya Masisi ni ya kunywa kwa raha yake, hayasafishi kifua. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa na baridi usiku. Saga zinki mm 30 kila upande wa mstari, fungua milango ya garaji, simama upande upepo unakotoka.

#23 Birava_Mpya (Bukavu)
Mimi nimesikia asidi ya betri inakula kutu yote ndani ya boksi, unamwaga na kusuuza. Kweli?

#24 TolieBirere
Inakula kutu, kisha inakula bati, kisha inajificha kwenye mikunjo ambako maji yako ya kusuuza hayafiki. Miezi michache rangi inapanda mapovu kwenye kila kiungo. Tumia ya fosforasi: paka kwenye chuma kilichopigwa brashi, kiwe cheusi, futa mabaki. Ndani ya boksi lililofungwa hata hiyo usimwage.

Kwa vizimba na bolti utakazorudisha, molasi inatosha: sehemu moja kwa maji sehemu tisa, siku saba hadi kumi na nne, toa, osha, kausha, paka mafuta siku hiyohiyo. Inanuka, weka mbali na nyumba.

#25 MamaVipuri_Katindo
Wateja wanauliza bolti za inox (chuma kisichoshika kutu) ili wasahau kutu. Niwauzie?

#26 Nyawera_504
Mama, inox kwenye nati ya chuma cha kawaida inafanya nati ndiyo iliwe. Bolti itabaki inang'aa ndani ya nati iliyooza. Halafu inox ya daraja A2-70 ni dhaifu kidogo kuliko bolti ya chuma ya daraja 8.8. Wauzie 8.8 yenye zinki na kopo la grisi. M8 ikazwe kama Nm 20 hadi 25, isizidi.

Kwa wenye Land Rover: grisi ya shaba isiguse paneli za alumini. Zile zilianza 1948 na paneli za alumini kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, na tangu hapo kila mahali alumini inapokutana na chuma pana unga mweupe. Weka kitambaa cha mpira ama gundi ya kuziba katikati.

#27 Mzee_Kadutu
Mwisho wa kazi ni ndani ya boksi. Rangi ya epoksi kwanza, mastiki juu ya epoksi na si juu ya chuma kitupu, maana mastiki inanyonya maji. Ndani pulizia nta iliyoyeyushwa na mafuta mazito kidogo, kwa bomba jembamba lenye matundu pembeni, siku ya jua ili itambae.

#28 Kenya_Lushi
Sisi tunaweka oili chafu ya injini. Bure na inatambaa vizuri.

#29 Mzee_Kadutu
Na inavimbisha mipira ya kuegemea bodi, na oili iliyotumika ina asidi yake tayari. Bora kuliko bila kitu, sawa. Ila kuna waliofika kuweka mawese! Mawese yana asidi ya mafuta na yanaita siafu. Yaacheni kwenye sombe (kisamvu).

#30 Nyawera_504
Kuhusu kesi ya sababu, kuna kipimo cha bei nafuu. Himbi, kwangua tope la karibu na nati, changanya na maji ya chupa, chovya karatasi ya kupimia asidi. Chukua na tope la kizingiti cha nyuma ulinganishe.

#31 Himbi_BJ
Nimefanya. La mbele kushoto limegeuza karatasi kuwa nyekundu, yaani asidi, la nyuma karibu halijabadilika. Katindo4x4, tumeshinda!

#32 TolieBirere
Betri inakaa upande gani?

#33 Himbi_BJ
... Mwenye gari aliongeza ya pili. Kushoto.

#34 Kenya_Lushi
😂😂 Nyiragongo ya volti 12.

#35 Katindo4x4
Msicheke haraka. Mvuke wa betri haufiki kwenye boksi lililofungwa. Na nati za kulia je? Kule hakuna betri.

#36 Himbi_BJ
Kulia bado sijafungua. Bolti zake nimezilowesha kwa mchanganyiko wa Mzee, kesho nazigonga tena. Dirisha la kushoto nimelikata, kizimba cha mraba wa 20 kimekaa. TolieBirere, tundu la maji chini ya boksi nilipanue hadi mm ngapi?

#37 TolieBirere
8 hadi 10, mahali pa chini kabisa gari likiwa limesimama sawa, kingo zikunjwe kwa nje ili maji yadondoke. Lipakwe epoksi hadi ndani ya tundu. Na ukimwaga nta, chomeka kijiti mle kwanza, uking'oe kabla haijaganda.